Kabla ya Kumtaja Kidung'ata kwa Jina la Spishi, Mfute Unga Kwanza

Mtu anapokuta weupe kama pamba mahali jani linaposhikana na tawi, neno linalomjia haraka ni vidung'ata, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea, na mara nyingi huwa hakosei. Kosa huanza pale anapoendelea kusema ni vidung'ata wa aina gani kwa kuutazama weupe huo peke yake. Nimekuwa nikiwatambua wadudu hawa kwa miaka mingi, na kila anayeniletea picha humwambia jambo lile lile: unga ule ni nta inayotoka mwilini mwa mdudu mwenyewe, na kwa kuwa familia ya Pseudococcidae ina spishi zipatazo 2,000 ambazo karibu zote hujifunika nta ya namna hiyo, weupe hauwezi kututenganishia mmoja na mwingine.

Hata kabla ya spishi, hakikisha kwanza kwamba uliyemshika ni kidung'ata kweli. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliosha mche mzima kwa maji ya sabuni, nikianza na wadudu wakubwa wenye nyuzi ndefu nyeupe ambao niliamini ndio waliokomaa, kumbe walikuwa mabuu wa mbawakavu aitwaye Cryptolaemus montrouzieri, ambaye chakula chake ni vidung'ata hao hao. Baada ya wiki chache mche ulikuwa umefunikwa upya na hapakuwa na wa kuwala. Tangu siku hiyo humgusa mdudu kwa ncha ya brashi kabla ya kufanya lolote. Buu wa mbawakavu hukimbia, na ukimgeuza utaona taya za kutafunia, ilhali kidung'ata hujikokota polepole au hubaki palepale, kwa sababu mdomo wake ni mrija mwembamba aliouchomeka ndani ya mmea.

Ukishakuwa na uhakika huo, tafuta jike aliyekomaa. Dume hakufai kwa kazi hii, kwani ni mdudu mdogo mwenye jozi moja ya mbawa, hali chakula na huishi siku chache tu. Watoto nao bado hawajapata alama zinazohitajika. Jike hana mbawa, umbo lake ni kama yai lililobanwa, na kingo za mwili wake kwa kawaida zimezungukwa na nyuzi fupi za nta ambazo huweza kufika jozi 18. Mweke chini ya lenzi ya mkononi akiwa angali hai na umtazame vizuri kabla hujamgusa, maana nta ikishavurugika alama zake hupotea.

Planococcus citri, kwa mfano, ana nyuzi fupi nene kidogo pande zote, na katikati ya mgongo hupita mstari mwembamba ambapo unga ni hafifu. Pseudococcus longispinus humtambulisha mkia wake, nyuzi mbili za nyuma ambazo huweza kuwa ndefu sawa na mwili wake au kuuzidi, na hutaona kifuko cha pamba chenye mayai nyuma yake. Ferrisia virgata ana mistari miwili myeusi mgongoni na vinywele vya nta vinavyometameta kama vioo, nami humhesabu kuwa ndiye rahisi kuliko wote. Phenacoccus solenopsis ana safu za madoa meusi mgongoni, sehemu ambazo nta haikuzifunika. Baada ya hapo ndipo umfute unga taratibu kwa brashi yenye tone la spiriti ili uione rangi ya ngozi: Maconellicoccus hirsutus ni mwekundu mpaka majimaji ya mwili wake, na Paracoccus marginatus, anayeshambulia mipapai, ni wa njano lakini akihifadhiwa katika spiriti hugeuka kuwa bluu inayokaribia weusi.

Hapo ndipo macho yanapofika mwisho, na ni vema kulikubali hilo mapema. Planococcus citri, Planococcus ficus na Planococcus minor hawatofautishwi kwa lenzi ya mkononi. Ni lazima jike asafishwe kwa potasiamu haidroksaidi, kemikali inayoyeyusha nyama ya ndani, mpaka ibaki ngozi tupu, atiwe rangi, abandikwe kwenye kioo, kisha vitundu na mirija ya kutolea nta ihesabiwe kwa hadubini, pamoja na pingili za papasi (vipapasio vya kichwani), ambazo mara nyingi ni 9 kwa jenasi Phenacoccus na 8 kwa Planococcus. Usitosheke na jike mmoja. Mtafiti wa wadudu Jennifer Cox alionyesha mwaka 1983 kwamba vidung'ata wa spishi moja waliolelewa katika joto tofauti hutofautiana katika alama hizo hizo tunazozitegemea. Pale vioo vinapobishana, kipimo cha vinasaba husaidia sana.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nishikilie jina kiasi hiki ilhali dawa ni ile ile. Ninawaeleza habari za kidung'ata wa kahawa nchini Kenya, ambaye kwa miaka alidhaniwa kuwa spishi nyingine iliyokwisha kujulikana, hivyo maadui wake wakatafutwa Asia, wakaletwa, wasifae. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alimtambua kuwa spishi mpya, ambayo leo huitwa Planococcus kenyae, na ilipojulikana kwamba asili yake ni Uganda, nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wake waliletwa kutoka huko mwaka 1938 na kumdhibiti. Yalijirudia kwa muhogo: Phenacoccus manihoti, wa waridi na asiye na madume, alichanganywa na Phenacoccus herreni, wa njano na mwenye madume, na nyigu wa huyo wa pili hawakuweza kumdhibiti wa kwanza; nyigu wanaomfaa walipatikana baada ya yeye mwenyewe kugunduliwa nchini Paraguai mwaka 1981.

Ukiwa na sampuli ya kumpelekea mtaalamu, chukua majike kumi hivi pamoja na kipande cha mmea, uwatie katika spiriti ya asilimia 70 hadi 80 kwa ajili ya hadubini, na wengine wachache katika spiriti ya asilimia 95 au zaidi kwa ajili ya vinasaba. Andika kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hufutika ndani ya chupa, jina la mmea, sehemu uliyowakuta, tarehe, kama kulikuwa na kifuko cha mayai, na rangi ya mwili wakiwa hai. Rangi hiyo ndiyo ninayoikosa katika sampuli nyingi zinazonifikia, na ikishapotea ndani ya spiriti sina tena njia ya kuijua.