IST inakula mafuta? Tafuta thamostati kwanza, sensa baadaye

Msomaji mmoja wa Iringa ameandika kwamba Toyota IST yake ya cc 1500 inampa kilomita 7 kwa lita. Ameshabadilisha plagi, pampu ya mafuta na sensa mbili za oksijeni, zile zinazopima moshi kwenye eksozi, na bado ni 7 ileile. Anauliza sasa abadilishe nini. Asibadilishe kitu. Apime kwanza, maana mpaka hapo alikuwa anapiga ramli kwa pesa yake mwenyewe.

Hiyo 7 yenyewe imepatikanaje? Watu wengi wakisema gari inakula mafuta wana maana kwamba "niliweka ya elfu thelathini, imekwenda siku mbili". Hicho si kipimo. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, na usikubali kijana wa sheli aendelee kuchuruzisha ili apate namba nzima. Rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri. Tembea mpaka ibaki kama robo, rudi sheli ileile na pampu ileile, jaza mpaka ikate, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Ukijaza lita 10 na pampu ikakata mapema au ikachelewa kwa lita moja, hesabu yako imeyumba kwa asilimia 10. Ukijaza 30, kosa lilelile ni asilimia 3. Ndiyo maana vipimo vya kuweka kidogokidogo havina maana, na ndiyo maana unarudia mara tatu kabla ya kulaumu injini.

Angalia na matairi, kwa sababu kihesabu kilomita kinahesabu mizunguko ya gurudumu, hakijui barabara. Gari iliyokuja na tairi za saizi 175/65R14 ikivalishwa 185/65R15, kipenyo cha tairi kinaongezeka kutoka karibu milimita 583 hadi 621. Hapo ukienda kilomita 106 za kweli, dashibodi inaandika 100. Gari imeonekana mlafi kwa asilimia 6 bila kunywa tone la ziada. Upepo nao: soma stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Imeandikwa kwa kPa, na 220 ni psi 32. Pima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa geji yako mwenyewe. Geji za pale kwenye kuziba pancha zimeanguka chini mara nyingi kuliko mwenyewe anavyokumbuka.

Halafu kuna foleni, na hapa wa Dar wanisikilize. Injini ya ukubwa huu ikiunguruma imesimama huku kiyoyozi kikivuma, hutumia karibu lita moja kwa saa. Chukua safari ya kilomita 20 ya asubuhi kuingia Posta, saa mbili, nusu yake umesimama. Kutembea peke yake, kwa kilomita 13 kwa lita, ni lita moja na nusu. Ongeza ile lita ya kusimama, jumla mbili na nusu, na 20 ukigawanya kwa 2.5 unapata 8. Gari haina ugonjwa wowote. Fundi atakayekuambia ana dawa ya hiyo 8 anataka hela yako.

Ila Iringa hakuna foleni ya namna hiyo. Kwa hiyo kilomita 7 za Iringa zina sababu, na sababu ninayoishuku kabla ya zote ni thamostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto.

Kuna tabia imeenea kwenye gereji zetu: gari ikichemka mara moja, thamostati inatolewa na kutupwa. "Huku kwetu joto, haihitajiki." Kuchemka kunaisha kweli, kwa sababu maji sasa yanapita kwenye rejeta muda wote, lakini chanzo, iwe rejeta iliyoziba kwa kutu ya maji ya bomba, feni isiyowaka au mfuniko wa rejeta uliochoka, kimeachwa palepale. Na injini imehukumiwa kuishi na baridi. Petroli haigeuki mvuke vizuri kwenye injini baridi, hivyo kompyuta ya injini huongeza muda wa nozeli za kunyunyiza mafuta kufunguka ili kufidia. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inabaki juu. Gia boksi otomatiki nayo huchelewa kufunga ile klachi ya ndani ya tokoconveta, kiungo cha injini na gia boksi, mpaka joto lipande, kwa hiyo barabarani injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule. Gari inakuwa kama ile ya dakika tano za kwanza asubuhi, ila siku nzima. Kwa asubuhi ya Julai pale Iringa, ni balaa.

Kujua bila kufungua: magari mengi madogo kama Vitz na Passo hayana mshale wa joto, yana taa ya bluu inayozimika injini ikipata moto. Ikichukua dakika kumi na tano za kutembea kuzimika, au ikirudi kuwaka ukishuka mteremko, una jibu. Kwa gari yoyote, iwashe ikiwa imelala usiku, kisha gusa mpira wa chini wa rejeta, mbali na feni na mikanda. Kwenye injini ya IST thamostati imekaa upande huo wa chini, jirani na altaneta. Mpira ule unapaswa kubaki baridi huku injini ikipata moto, kisha ubadilike pale thamostati inapofunguka. Ukianza kupata vuguvugu taratibu pamoja na ule wa juu tangu mwanzo, thamostati haimo au imekwama wazi.

Mpya usiifunge kabla ya kuijaribu. Itumbukize kwenye sufuria ya maji yenye kipimajoto, washa jiko. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kufikia 95 iwe imefunguka angalau milimita 8.5. Inayofunguka kwa 70 irudishe dukani. Wakati wa kufunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza kiwe juu, ndicho kinachotoa hewa. Weka kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta, maji ya bomba ndiyo yaliyoleta matatizo yote haya, na shughulikia kilichofanya gari ichemke, la sivyo itachemka tena na thamostati italaumiwa tena.

Breki zinafuata, na wengi hawazifikirii kabisa kwa sababu "gari haivuti upande". Zikishika magurudumu yote mawili ya mbele sawasawa, haitavuta upande. Tembea kilomita 10 kwenye barabara tulivu ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama kwa kuiacha gari ijifie, kisha karibisha mkono kwenye rimu moja baada ya nyingine bila kuzing'ang'ania. Inayochoma kuliko wenzake ina breki iliyoshika. Mbele, mara nyingi ni pini za kalipa, kile kibanio cha breki, zilizokauka. Zitoe, zisafishe, zipake grisi ya silikoni ya breki. Grisi ya beringi inavimbisha mipira ya pini, na baada ya miezi michache pini zinashika kuliko mwanzo. Nyuma, inua gurudumu, achia hendibreki, zungusha kwa mkono. Likigoma, waya wa hendibreki umekazwa mno, kazi ya fundi aliyetaka breki ishike kwa mlio mmoja. Legeza mpaka lever ipande milio sita hivi.

Sasa ndipo mashine ya kusoma kompyuta iingie. Tahadhari: magari mengi ya soko la Japani ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 hukataa kuongea na vidude vya bei rahisi, na hilo halimaanishi kompyuta imekufa. Kabla ya kuwasha gari iliyolala, linganisha joto la maji na joto la hewa inayoingia. Yawe karibu sawa. Maji yakisoma nyuzi 5 wakati hewa ni 18, sensa ya joto la maji inadanganya na kompyuta inamwaga mafuta kwa kuiamini. Injini ikiwa moto, soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza (chanya) au kupunguza (hasi). Ndani ya asilimia 10, juu au chini, achana na nozeli na sensa. Ikiwa hasi 15 au zaidi, mafuta yanaingia mengi kuliko inavyohitajika. Msomaji wetu ambaye amebadilisha pampu apime presha: injini hii inataka kPa 304 hadi 343, yaani psi 44 hadi 50, na rigileta inayodhibiti presha hiyo imo ndani ya tangi pamoja na pampu. Pampu ya gari nyingine ikiwekwa kwa sababu "inaingia", presha inaweza kuwa si yake.

Marekebisho yale yakiwa chanya sana, usikimbilie sensa ya oksijeni. Koili, ile inayoipa plagi umeme, ikikata moto huacha oksijeni isiyoungua kwenye moshi, na eksozi inayovuja kabla ya sensa huvuta hewa ya nje. Sensa inaripoti ukweli wa ilichokiona, kompyuta inaongeza mafuta, na wewe unanunua sensa. Plagi za injini hii zinataka mwanya wa milimita 1.1. Ikitoka na masizi makavu meusi, mafuta yamezidi. Ikiwa na oili, tatizo ni lingine kabisa.

Oili: lita 3.7 ukibadilisha na filta, 5W-30. Ile 20W-50 nzito ya kwenye galoni inakugharimu kidogo kila siku, hasa asubuhi za baridi.

Ameuliza pia kama aiuze achukue Passo. Kama ni ya cc 1000, na abiria wanne, kwenye vilima vya Iringa, ataikanyaga muda wote na faida ataiona ndogo. Na kama imepitia kwa fundi yuleyule, thamostati haimo.