Kabla hujaandika "njaa" kwenye daftari

Ukijiunga na maabara inayochunguza hamu ya kula, utaingia ukiwa na hamu ya kugusa ubongo. Naelewa. Umesoma jinsi mwanga unaopitishwa kwenye uzi mwembamba wa kioo unavyoamsha nyuroni (seli za neva) chache ndani ya haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo inayosimamia njaa, na panya aliyekwisha kushiba akarudi kwenye chakula ndani ya dakika chache. Unataka kuushika uzi huo kesho asubuhi. Badala yake utakabidhiwa mizani, brashi na kikopo, uambiwe upime chakula. Usinune. Makosa mengi niliyoyaona katika kazi hii, yangu yakiwamo, yalizaliwa kwenye mizani.

Langu lilikuwa hivi. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nawadunga panya peptidi fulani, yaani kipande kifupi cha protini, kisha napima chakula kilichobaki kwenye kihori. Waliodungwa walionekana kula kuliko wenzao waliodungwa maji ya chumvi. Nikachora grafu, nikampelekea msimamizi wangu nikiwa nimekwisha kutunga kichwa cha makala kichwani. Aliitazama grafu, akaniuliza, "Chini umechungulia?" Tukaenda kwenye vizimba. Akapekua maranda kwa kidole, na chini yake kulikuwa na chenga za chakula zimetapakaa, nyingi kuliko nilivyodhani panya mdogo kiasi kile angeweza kuzimwaga. Panya wangu hawakuwa na njaa. Walikuwa wametaharuki, wanatafuna na kutema. Nilikuwa nimepima fujo nikaiita hamu ya kula.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwenye kazi hii utainama kwelikweli. Fanya hesabu mwenyewe: panya mdogo wa gramu 25 hivi hula takriban gramu 3 hadi 4 kwa siku nzima. Chenga za nusu gramu zilizopotelea kwenye maranda ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mlo wake wote. Chekecha maranda, pima chenga, andika. Kazi inachosha, na hakuna atakayekupongeza.

Jambo la pili ni saa. Panya ni mnyama wa usiku na sehemu kubwa ya mlo wake huila gizani. Ukimdunga grelini, homoni ya tumboni inayochochea kula, taa zinapozimwa, utaongeza nini kwa mnyama ambaye tayari anakula kwa kasi? Na ukimjaribia homoni ya kupunguza mlo saa nne asubuhi, ameshiba na anasinzia, utapunguza nini? Kichocheo kijaribu mchana, kwa panya aliyeshiba. Kipunguzi kijaribu giza linapoanza, au baada ya kumfungisha, yaani kumnyima chakula kwa muda. Nimewahi kukaa kwenye mkutano nikisikiliza mtu akitangaza kwamba peptidi yake haifanyi kazi, kumbe aliijaribu saa ambayo isingeweza kufanya kazi hata kama angemwaga chupa nzima.

Kumfungisha nako kuna gharama zake, usikuchukulie kama kubonyeza kitufe cha njaa. Panya mdogo akilala bila chakula usiku mmoja anaweza kupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili, inashuka, grelini inapanda, homoni ya msongo inapanda, joto la mwili linaweza kushuka sana. Unapokuja asubuhi kumtazama "panya mwenye njaa", mbele yako yuko mnyama aliyebadilika mambo mengi kwa pamoja, na wewe unataka kusema ni nyuroni zako ndizo zimefanya.

Sasa tuje kwenye swali ambalo watu hulikwepa: panya akila kidogo, ameshiba au anaumwa? Hawezi kutapika, kwa hiyo hatakuonyesha kichefuchefu kwa njia uliyoizoea. Hapa kuna mbinu za zamani ambazo bado nazipenda kuliko mashine nyingi. Panya wa aina kubwa wanapochafukwa tumbo hula udongo mweupe wa kaolini, basi wawekee kaolini kando uipime. Mbinu nyingine ni kumpa ladha mpya tamu, umdunge dawa yako, halafu siku nyingine umpe tena ladha hiyo uone kama anaikimbia. Weka na kundi la kulinganisha lililodungwa kloridi ya lithiamu, ambayo inajulikana kwa kuchafua tumbo, ili ujue kichefuchefu kinavyoonekana kwenye maabara yako. Na zaidi ya yote, mtazame. Panya aliyeshiba vizuri hula, halafu hujisafisha manyoya, halafu hujikunja akalala. Panya anayeumwa hujikunyata tu, na manyoya yamesimama. Jedwali lako litaonyesha gramu zilezile kwa wote wawili.

Swali hili si la kujifurahisha. Dawa za kundi la GLP-1 zinazopunguza uzito, semaglutide ikiwamo, huleta kichefuchefu kwa watu wengi wanaozitumia, na maeneo ya nyuma ya ubongo yanayoshughulikia shibe yamepakana na yanayoshughulikia kichefuchefu. Kuyatenganisha ni kazi inayoweza kukulisha miaka.

Soma pia majaribio ya zamani, hata kama picha zake ni mbaya. Mwaka 1940 Hetherington na Ranson waliharibu sehemu ya katikati ya haipothalamasi, panya wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1951 Anand na Brobeck waliharibu sehemu ya pembeni, wanyama wakaacha kula. Ikachorwa ramani rahisi: hapa kituo cha shibe, pale kituo cha njaa. Ramani hiyo ilidumu muda mrefu kuliko ilivyostahili, maana ukichoma sehemu ya ubongo unakata na nyaya zinazopita njia tu.

Jaribio ninalompa kila mgeni alisome ni la Douglas Coleman, wa Jackson Laboratory huko Bar Harbor, Marekani. Alikuwa na aina mbili za panya wanene kwa kurithi, walioitwa ob na db, na kwa macho huwezi kuwatofautisha kirahisi. Aliwaunganisha panya wawiliwawili ubavuni ili damu ya mmoja imfikie mwenzake. Panya wa kawaida aliyeunganishwa na db aliacha kula mpaka akafa, chakula kikiwa mbele yake. Panya wa ob aliyeunganishwa na db, vivyo hivyo. Lakini ob aliyeunganishwa na panya wa kawaida alipunguza kula tu. Kaa na matokeo hayo kabla hujaendelea kusoma. Coleman alihitimisha kwamba db anatengeneza ishara ya shibe kwa wingi ila mwenyewe haisikii, na ob anaisikia ila haitengenezi. Ishara yenyewe haikuwa na jina. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, katika Rockefeller University, ndipo lilipoipata jeni ya ob, na homoni yake ikaitwa leptini.

Watu walidhani tiba ya unene imepatikana. Wale wachache waliozaliwa bila leptini kweli walisaidika sana walipodungwa. Wengine wengi wenye unene walikuwa nayo tele tayari. Ndiyo maana nakereka nikiona leptini inaitwa "homoni ya shibe" bila maelezo. Ubongo huisikia zaidi inaposhuka, yaani akiba ya mafuta inapopungua. Majina haya ya vitabuni yatakupoteza. Grelini nayo iligunduliwa 1999 na Kojima na Kangawa, ikapewa sifa ya homoni ya njaa. Panya waliozaliwa bila grelini wakaonekana wanakula karibu kama kawaida.

Ukikutana na matokeo ya namna hiyo, usikimbilie kusema homoni haina kazi. Angalia nyuroni ziitwazo AgRP, zile zilizo chini kabisa ya haipothalamasi, zinazomsukuma mnyama kula. Majaribio ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba zikiharibiwa kwa panya aliyekomaa, anaacha kula na kudhoofu kwa njaa. Zikiharibiwa kwa kitoto kilichozaliwa karibuni, kinakua na kula bila shida kubwa. Ubongo mchanga umepata njia nyingine. Kwa hiyo uliza kila mara: kilichoondolewa kiliondolewa lini?

Nyuroni hizohizo ndizo zilizonifundisha kunyamaza. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba panya aliyefunga akiona chakula, shughuli za nyuroni za AgRP zinaporomoka kabla hajameza chochote. Nilipoirekodi mwenyewe mara ya kwanza nilidhani waya umelegea. Mstari ulikuwa juu, nikatumbukiza kipande cha chakula, panya akakinusa kwa mbali, na mstari ukaanguka. Nikakagua waya, nikarudia. Ukaanguka tena. Nikaweka kipande cha mbao chenye umbo lilelile, haukuanguka.

Mawili ya haraka. Grelini yenye kazi huharibika upesi kwenye damu, kwa hiyo barafu, tindikali na kizuia vimeng'enya viwe tayari kabla ya sindano ya kutoa damu, si baada. Na usimwinue panya kwa mkia. Mchote kwa viganja au mwingize kwenye bomba, hofu yake itapungua. Anayewatunza wanyama atakuonyesha, na ukimheshimu atakuambia pia ni kizimba kipi kilikosa maji juzi.

Kabla ya sindano yako ya kwanza, omba usiku mmoja wa kukaa chini ya taa nyekundu mbele ya kizimba kimoja, bila dawa yoyote. Andika kila dakika anachofanya. Utamwona anakwenda kwenye chakula, anakishika kwa mikono miwili, anakiacha, anakwenda kunywa maji, anarudi, anachimba maranda, anatafuna kidogo. Asubuhi nionyeshe ukurasa huo, na unionyeshe dakika ipi alikuwa na njaa.