Dada, usimpe mtoto Flagyl kabla choo hakijapimwa

Weka chini hiyo chupa kwanza. Umeandika mtoto ana miezi minane, anaharisha maji tangu jana, choo hakina damu, na duka la dawa wamekwambia umpe Flagyl "iue bakteria wote tumboni", kisha umrudishie bakteria wazuri kwa mtindi. Hilo neno "wote" ndilo lililonishtua.

Bakteria wengi wa utumbo mpana hawaishi penye oksijeni, na jamii hiyo ndiyo Flagyl inayoua. Miongoni mwao wamo wanaotutengenezea vitamini K na kuwanyima nafasi wale waharibifu. Halafu kuharisha maji kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, kama rota tunayowachanja tangu 2013, na hakuna antibiotiki inayoua virusi.

Mwanangu wa kwanza alipewa dawa hiyo hiyo kwa maneno hayo hayo. Muuzaji hakuuliza kama mtoto anakojoa, hakuuliza kama ananyonya, na ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, hakuitaja kabisa! "Hii ndiyo ya tumbo," basi. Tukawa tunaangalia saa ya dawa huku mtoto anaishiwa maji mbele ya macho yetu. Usiku utosi ukabonyea, macho yakaingia ndani, akawa analia chozi halitoki. Hospitali walimtundikia dripu, na choo kilipopimwa hakikuwa na amiba wala chochote cha kutibiwa kwa Flagyl. Mpaka leo nina hasira na mtu anayegawa antibiotiki za watoto kama karanga. Amevaa koti jeupe, mzazi amechanganyikiwa, utambishia nini?

Maji kwanza, dada. Nunua ORS, soma pakiti inataka maji kiasi gani, tumia yaliyochemshwa yakapoa, mnyweshe kwa kijiko kidogo kidogo, hasa kila akiharisha. Usiache kunyonyesha. Omba na zinki: kwa umri wake ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuharisha kukikoma mapema.

Ukiona damu, au choo cheupe kama maji ya mchele, hapo antibiotiki inaweza kuwa na kazi, ila daktari ndiye aichague. Akitapika kila kitu, akilegea au utosi ukibonyea, usisubiri kukuche.

Leo amekojoa mara ngapi? Nijibu hilo kwanza.