Kufuatilia: neno moja, kazi nyingi

Umeuliza kama neno "kufuatilia" lina maana ileile kwa mtafiti wa wanyama na kwa mtu wa kompyuta. Mzizi ni mmoja: kuwa na hakika kwamba huyu ninayemwona sasa ndiye yule niliyemwona awali. Wanatofautiana kwenye njia ya kuipata hakika hiyo.

Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen, mwalimu wa Denmark, alianza kuwavisha ndege pete zenye namba miguuni. Ndege akiokotwa mbali, namba inasema alikotoka, ila ya katikati ya safari huyajui. Vifaa vya GPS, vinavyoonyesha mahali kitu kilipo kwa msaada wa setilaiti, vikaja kuziba pengo hilo. Sasa kompyuta inayotazama video haina pete wala GPS. Watu wawili wakipishana, mmoja akamziba mwenzake, inabidi ikisie nani ni nani wanapotokea upande wa pili, na hapo ndipo huwachanganya. Kwangu hili ndilo gumu kuliko yote.

Watafiti wa afya nao hufuatilia watu kwa miaka. Utafiti wa magonjwa ya moyo wa Framingham, mji wa Marekani, ulianza 1948 na umeshafika kizazi cha tatu. Kinachowaumiza watafiti ni washiriki kupotea, yaani kutopatikana tena, maana wanaopotea mara nyingi hawafanani na wanaobaki, na hivyo matokeo yanaweza kupotoka.