Nyumba ya zamani, intaneti mpya: anza na nyaya zilizomo ukutani

"Mwanangu, ukuta huu hutoboi." Hajati aliniambia hivyo kabla sijafungua hata begi la vifaa. Jengo lake ni la ghorofa moja, Main Street hapa Jinja, Uganda, duka chini na vyumba vya kupangisha juu, katika yale yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi kabla ya uhuru. Matofali ya kuchoma, kuta nene, na plasta ambayo keekee ikiigusa tu inadondoka mabonge. Nilimwona ana haki.

Rauta ilikuwa dukani, na wapangaji wa juu waliipata wi-fi wakiwa wamekaa kwenye ngazi. Mmoja wao alikuwa mwanafunzi, akifanyia kazi zake za chuo hapohapo usiku. Hilo liliniuma.

Nikaleta adapta zinazopitisha intaneti ndani ya nyaya za umeme. Moja unaichomeka karibu na rauta, nyingine chumbani, na data inasafiri juu ya waya uleule wenye volti 240, kwa masafa ya juu mno kuliko ya umeme wenyewe. Chumba cha kwanza ilikubali mara moja. Cha pili, kimya.

Nilipoteza nusu siku kulaumu adapta. Kumbe chumba kile kina mita yake ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, na kinalishwa na fezi nyingine, yaani laini tofauti ya umeme unaoingia jengoni. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, zima breka mojamoja uone soketi zipi zinakufa pamoja. Zilizo kwenye fezi moja na mita moja ndizo zenye matumaini. Adapta ichomeke ukutani moja kwa moja, kamwe si kwenye ekstensheni, hasa yenye kinga ya umeme, kwani kinga hiyo huimeza data. Chaja za bei rahisi nazo hupiga kelele kwenye waya, jaribu kuzichomoa. Na usiiamini namba ya kwenye boksi. Langu liliandikwa megabiti 1000, nikapata kama 60, ambazo mwanafunzi yule zilimtosha kabisa.

Bonyeza pia kitufe cha kuoanisha ili adapta zako ziwe na ufunguo wao wa siri. Jirani mnayechangia nyaya anaweza kuingia mtandaoni kwako bila kutoboa chochote.

Chumba cha pili kiliokolewa na kebo ya antena ya zamani, iliyoachwa tangu wapangaji waliponunua madishi yao. Kebo hiyo ya shaba ni bora kuliko waya wa umeme: iko tulivu, na adapta za MoCA, zilizotengenezwa kupitisha intaneti kwenye kebo ya aina hiyo, hutoa humo kasi kubwa kweli. Ila usiichanganye na kebo ya dishi linalotumika. MoCA hukaa kati ya megahezi 1125 na 1675, na dishi hushusha mawimbi yake kati ya 950 na 2150, hivyo vinagongana. Angalia na kigawanyio, kile kinachogawa kebo moja kuwa mbili au zaidi: cha zamani mara nyingi kimeandikwa mwisho megahezi 1000, na mawimbi ya MoCA yanaweza kukwamia hapo.

Waya wa simu nao unafaa kama upo mzima. Wa Hajati panya walishaumaliza.

Chumba cha tatu sikukigusa. Soketi ilikuwa nyeusi pembeni na ya moto, waya wake una mpira uliokauka unaovunjika vidoleni, na hakuna waya wa ardhini. Ukikuta hivyo, acha intaneti kwanza, umwite fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka inayosimamia umeme Uganda. Nilimwambia Hajati waziwazi kwamba hapo pana moto unaosubiri. Akaniangalia kitambo, akauliza bei ya kubadilisha nyaya.

Na kwa kuwa ukuta ungefunguliwa tu, nikamwomba fundi alaze bomba la pili, mbali na lile la umeme, kwa ajili ya kebo ya mtandao. Hajati alikubali, mradi plasta irudishwe siku hiyohiyo.