Sufuria moja, walaji wawili: majibu ya maswali yenu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwenye nyumba ambazo mmoja ameacha nyama na wengine hawana mpango huo. Tumechagua tano.

SWALI: Shikamooni. Binti yangu ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, shule ya kutwa. Tangu mwaka uanze hagusi nyama wala samaki, ila mayai na maziwa anatumia. Hata mchuzi uliopikiwa nyama anausogeza pembeni. Baba yake anasema kwake hakupikwi mboga mbili, atakula kilichopo au alale njaa. Mimi niko katikati, makaa yanaisha, na sijui kama mtoto anapata lishe ya kutosha.
Mama, Mwanza

JIBU: Marahaba. Tuanze na makaa, maana ugomvi mwingi wa namna hii unaanzia kwa mpishi kuchoka.

Usipike mboga mbili. Pika rojo moja, uligawe kabla nyama haijaingia. Kwa watu sita: vitunguu maji vikubwa 4, nyanya zilizoiva 8, karoti 2, punje 6 za kitunguu swaumu na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Kaanga vitunguu kwa vijiko 5 vya mafuta, moto wa wastani, dakika 12 hadi 15, mpaka vigeuke rangi ya kahawia. Wengi wanaharibu hapa. Wanatia nyanya vitunguu vikiwa bado vyeupe, maharage yanapwaya, kisha nyumba nzima inasema chakula kisicho na nyama hakina ladha. Nyama inaficha kosa hilo, maharage hayafichi. Nyanya nazo ziive mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Chota theluthi ya rojo uweke sufuria ndogo pamoja na maharage yaliyokwisha kuchemshwa. Kwenye lililobaki tia nyama uliyoichemsha na supu yake. Dakika 10 zaidi, umemaliza. Kila sufuria iwe na mwiko wake. Kwa asiyekula nyama, mwiko uliopita kwenye nyama umeshaharibu chakula.

Maharage chemsha kilo moja mara moja kwa wiki. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili kabla hujapunguza moto. Usiziruke dakika hizo, hasa kwa maharage mekundu: yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali tu, na yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanaweza kutapisha familia ndani ya saa chache. Nyanya au limao visiingie mpaka maharage yalainike, kwa kuwa uchachu unayafanya yabaki magumu. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, ila yanaua vitamini B1 na yakizidi mboga inakuwa na ladha ya sabuni. Kilo moja kavu inatoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Gawa kwenye vibakuli, jokofuni yanakaa siku tatu au nne. Kama huna jokofu, tumia zaidi choroko (ndengu kwa wasomaji wa Kenya). Hazihitaji kulowekwa na zinaiva kwa dakika 30 hadi 40.

Lishe sasa. Msichana wa umri huo anahitaji protini gramu 46 hivi kwa siku. Kikombe kimoja na nusu cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 22, yai 6, kikombe cha maziwa 8, na ugali wa kawaida wa mchana unaongeza 10 au zaidi. Umefika. Kwa protini basi usihangaike. Angalia madini ya chuma, maana ana hedhi. Chuma cha maharage na mchicha kinafyonzwa kidogo kuliko cha nyama, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula inakizuia zaidi. Chai isogezwe saa moja baada ya kula. Kachumbari yenye limao, chungwa au embe viwe kwenye mlo wenyewe, kwa sababu vitamini C inakisaidia chuma kupita. Vitamini B12 haipo kwenye mboga wala nafaka, lakini vikombe viwili vya maziwa kwa siku vinamtosha. Siku akiacha mayai na maziwa pia, hapo atahitaji vidonge, na hilo halina mjadala.

Kwa baba yake: mtoto anaposukuma nyama iliyonunuliwa kwa jasho lake, yeye anaona amekataliwa yeye. Ongea naye faragha, si mezani, na mpe kazi. Mwambie akirudi apitie trei ya mayai na karanga nusu kilo za binti. Baba anayemnunulia mtoto chakula chake hawezi tena kukipiga vita. Binti naye apike ile sufuria ndogo walau mara mbili kwa wiki, na asihubiri habari za machinjio wenzake wakiwa wanatafuna. Hapo baba ana haki ya kukasirika.

Jambo moja la kuchunga. Akianza kuacha na ugali, mafuta na maandazi, akakonda au hedhi ikasimama, basi tatizo si nyama. Mpeleke hospitali.

SWALI: Idd iliyopita shemeji yangu, asiyekula nyama, alikuja kwetu Temeke. Tulimpakulia pilau tukatoa nyama zote. Hakula, akaomba chai na mkate. Mama amekasirika mpaka leo, anasema amedharauliwa. Nani ana kosa?
Mwenyeji, Dar es Salaam

JIBU: Kosa ni lenu, ingawa hamkukusudia. Pilau hupikwa kwa supu ya nyama, na supu imeshaingia ndani ya kila punje. Kutoa minofu hakubadilishi kitu. Shemeji angeweza kusema mapema, ndiyo, lakini mgeni wa Idd hapigi simu kuagiza chakula.

Mara nyingine mpikieni pilau ya dengu (si zile ndengu za Kenya tulizotaja juu). Mchele kilo moja (vikombe kama 5), dengu robo kilo zilizolowekwa usiku na kuchemshwa mpaka zilainike bila kupasuka, viazi 5, vitunguu vikubwa 5. Bizari nyembamba nzima vijiko 2 vya chakula, mdalasini vijiti 2, iliki 8, karafuu 6, pilipili manga kijiko cha chai. Kaanga viazi kwanza mpaka vipate ganda, vitoe. Mafuta hayohayo yaunguze vitunguu mpaka viwe kahawia iliyokolea, karibu na nyeusi lakini bado. Rangi yote ya pilau hii inatoka hapo, hakuna supu ya kukuokoa. Tia kitunguu swaumu, tangawizi na viungo, koroga dakika moja, kisha dengu, viazi na chumvi. Maji tumia yale yaliyochemshia dengu, ongeza ya moto yafike vikombe 7 na nusu hadi 8. Mchele mpya unataka pungufu kidogo. Yakichemka tia mchele, maji yakikauka funika, palia makaa juu, dakika 20.

Ipikeni kabla ya ile ya nyama, kwa mafuta ambayo hayajakaangia kitu. Mpakulieni kwenye sahani yake mapema, kwa sababu dengu zikishaonekana walaji wa nyama nao watazitaka. Mama mpelekeeni salamu za shemeji, na shemeji ampigie mwenyewe, aanze kwa shikamoo.

SWALI: Mimi sili nyama, samaki wala mayai, na maziwa situmii. Mtoto wetu ana miezi 8, bado ananyonya. Mama mkwe anasema namnyima mjukuu wake damu, anataka apewe supu ya mifupa na mtori wa nyama. Mume yuko kimya. Naomba mnitetee.
Mke, Moshi

JIBU: Tutakutetea nusu tu.

Kuhusu supu, mkweo hayuko sahihi. Maji ya mifupa yana mafuta, chumvi na ladha, lakini chuma kinabaki kwenye nyama yenyewe. Mtoto aliyeshiba supu amejaza tumbo dogo kwa maji. Kuhusu mtoto kuhitaji chakula chenye asili ya mnyama, bibi yuko karibu na ukweli kuliko wewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wale nyama, samaki au mayai kila siku. Akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana kufikia miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo.

Na kuna jambo zito zaidi ya mtori. Mama anayenyonyesha bila kutumia chochote cha mnyama huwa na B12 kidogo kwenye maziwa yake, na mtoto anaweza kudhoofika mishipa ya fahamu kabla hujaona dalili yoyote kwako. Anza vidonge vya B12 wiki hii, kwa kipimo utakachopewa kliniki, na umtaje mtoto. Akiwa amepauka, mlegevu, au ameacha kufanya alichokuwa akiweza, kama kukaa, usisubiri tarehe ya kadi.

Mapatano tunayoyaona yanawezekana ni yai. Moja kwa siku, lililoiva kabisa mpaka kiini, lipondwe kwenye chakula chake. Si nyama, na bibi hawezi kusema mjukuu ananyimwa. Bibi mwenyewe amlishe. Pia mwombeni apike kiburu, ndizi na maharage, chakula anachokijua vizuri kuliko kitabu chochote; pasheni kwenye chujio ili maganda ya maharage yabaki, kisha ongezeni kijiko cha mafuta. Kiwe kizito, kikae kwenye kijiko bila kumwagika.

Kama mnatumia unga wa uji wenye soya, muulizeni aliyeusaga soya iliandaliwaje. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kumeng'enya protini, ndiyo maana watoto wengi wanaharisha na kujaa gesi. Soya itumbukizwe kwenye maji yanayochemka tayari, ichemke dakika 30, ifikichwe maganda, ikauke kabisa juani, ndipo isagwe. Ukiianzia kwenye maji baridi inabaki na ile harufu ya maharage mabichi. Karanga msisage humo: zinachacha haraka na zilizoota ukungu zina sumukuvu. Chagueni nzima, zikaangeni, mtie kijiko kimoja cha karanga zilizosagwa laini wakati wa kupika.

Mumeo aseme, na aseme yeye kwanza. Neno la lishe likitoka kwa mkwe ni kiburi. Likitoka kwa mwanawe ni habari.

SWALI: Mzee wangu ana jongo kwenye kidole gumba cha mguu. Daktari alimwambia apunguze nyama nyekundu. Sasa nampikia githeri (mahindi na maharage), yeye anasema maharage ndiyo yanaleta jongo, kisha jioni anatoroka kwenda kula nyama choma na bia. Tunagombana kila wiki.
Mke, Nakuru

JIBU: Maharage hayana hatia. Yana purini, kitu kinachogeuka kuwa asidi ya yuriki mwilini, lakini tafiti hazijaona yakiongeza mashambulizi ya jongo kama zinavyoona kwa nyama, baadhi ya samaki na pombe. Katika jioni yake, bia ndiyo mbaya kuliko zote: inaleta purini na papo hapo inazuia figo kutoa asidi hiyo. Nyama choma na bia pamoja usiku mmoja, kidole kinavimba kabla ya alfajiri.

Angalieni na vinavyochukuliwa kuwa mbadala salama. Maini, figo na dagaa vimejaa purini kuliko steki, na watu wengi wakikatazwa nyama hukimbilia dagaa. Soda na juisi za sukari nazo zinapandisha asidi. Maziwa ni rafiki yake, mala (maziwa ya mgando) pia.

Usimkataze kabisa. "Punguza" ya daktari haikuwa "acha," na mwanaume aliyekatazwa kabisa anakula kwa kujificha, huna namna ya kupima. Mpe nyama nyumbani siku mbili kwa wiki, gramu 100 mbichi, takriban ukubwa wa kiganja bila vidole, na maji mengi, bila bia. Siku nyingine githeri, lakini liunge vizuri. Githeri la kuchemsha tu kila siku, hata sisi tungetoroka. Vidonge vya kila siku vya kushusha asidi asiviache eti kwa sababu maumivu yametulia.

SWALI: Nyama ya soya ya vipande inanuka, watoto wanaitema. Kosa langu ni lipi?
Dodoma

JIBU: Huvikamui vya kutosha. Loweka vipande kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kwa dakika 15, mwaga, suuza kwa maji baridi, kamua kwa mikono miwili mpaka visitoe tone. Rudia mara ya pili. Harufu inaondoka na maji hayo. Kisha viache dakika 20 kwenye limao, kitunguu swaumu na tangawizi, uvikaange mpaka kingo zikauke, ndipo viingie kwenye rojo. Ukivitia vikiwa na maji yake havinyonyi mchuzi wowote. Vinavimba mara mbili au zaidi, kwa hiyo gramu 100 kavu zinatosha watu wanne. Na soma nyuma ya pakiti: vingine vimetiwa ladha ya nyama, na kama mlaji wako anakataa kwa sababu ya dini, muulize kwanza.