Pandisha siti kwanza

Goti linaniuma upande wa mbele nikinyonga baiskeli. Nichue na dawa gani?

Hili ni swali la tano la aina hii mwezi huu, na hakuna hata mmoja aliyetaja urefu wa siti yake. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Egemea ukuta, kaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha mbele ya wayo kwenye pedali, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo inavyotakiwa. Juzi nilimpimia kijana anayesambaza maziwa. Bolti ya siti ilikuwa imeshika kutu hadi tukaimwagia dizeli. Haikuwahi kuguswa tangu baiskeli inunuliwe. Anaiacha chini ili miguu ifike ardhini akisimama. Ndugu zangu, ukisimama shuka mbele ya siti! Pandisha kidogo kidogo, na usivuke alama ya kikomo kwenye bomba la siti.

Gia nzito si ndiyo inajenga nguvu?

Inajenga maumivu. Kwa mwendo uleule, ukizungusha pedali mara 90 kwa dakika badala ya 60, kila mkanyago unahitaji theluthi mbili tu ya nguvu. Ni kweli mapafu hufanya kazi zaidi, na mizunguko 60 hivi hula oksijeni kidogo. Lakini paja huchoka kabla ya mapafu, ndiyo maana Mwitaliano Filippo Ganna, mwendesha baiskeli wa mashindano, alipoweka rekodi ya umbali mrefu zaidi kwa saa moja mwaka 2022, kilomita 56.792, alizungusha zaidi ya mara 90 kwa dakika. Hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 50 kwenye tambarare, punguza gia. Kama baiskeli haina gia, fundi akufungie sproketi (gurudumu la meno linaloshika cheni) ya nyuma yenye meno zaidi.

Nikifunga viatu kwenye pedali, nivute juu?

Usivute. Waendeshaji waliopimwa wakivuta kwa makusudi walitumia oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ileile. Mguu unaopanda usiwe mzigo kwa unaoshuka, basi.

Sproketi ya umbo la yai inasaidia?

Osha cheni kwanza, kwa mafuta ya taa. Na acheni kupaka oili chakavu ya gari. Ina vumbi la chuma linalokula meno.

Mwanangu wa miaka saba anaendesha baiskeli ya baba yake, mguu amepitisha chini ya bomba la fremu. Nimwache?

Wengi tulijifunza hivyo, lakini breki haifikii vizuri na akianguka chuma kinamwangukia. Mtafutie ndogo ya mtumba. Toa pedali, shusha siti hadi nyayo zikanyage chini, ajifunze mizani wiki moja. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Ukilazimisha upande wa kawaida utaikaza zaidi na kuua nyuzi zake.